Nchi Jirani: Nani Apangaye Nauli ya Teksi za Mtandao Nairobi?



Kila askari, tangu wiki ya kwanza ya mafunzo, hufundishwa kwamba amri ina mwenyewe. Hutoka kwa mtu mwenye cheo na jina, ambaye kesho ataulizwa ikiwa amri hiyo imeleta hasara. Aliyeagiza kombania ivuke mto ndiye atakayeulizwa mitumbwi iko wapi. Askari anaweza asiipende amri aliyopewa, lakini hakosi kumjua aliyeitoa.

Katika jiji la Nairobi, nchini Kenya, wako maelfu ya watu wafanyao kazi usiku na mchana kwa amri ambayo mwenyewe haonekani. Watu hao ni madereva wa teksi zinazoitwa kwa simu, ambazo wengi huziita teksi za mtandao. Amri wanayopewa ni nauli. Tangu mwaka 2016 wamegoma si mara moja kwa ajili ya nauli hiyo, wamekwenda mahakamani, wamekwenda Wizarani, na mwaka 2024 baadhi yao walifikia kuipuuza kabisa na kutoza bei yao wenyewe. Jambo lenyewe ni la nchi jirani, lakini njia zilizotumika kulitafutia dawa zimefanana na zilizojaribiwa hapa nchini, na yafaa litazamwe kwa undani.

Utaratibu wa teksi hizi ni huu. Mtu aliyeko Westlands, atakaye kwenda Uwanja wa Ndege wa Jomo Kenyatta, hasimami kando ya barabara kupunga mkono. Huandika katika simu mahali alipo na mahali aendako. Kompyuta ya kampuni hupima njia, hukisia dakika zitakazotumika, humtafuta dereva aliye karibu, kisha humwonyesha abiria kiasi atakacholipa. Abiria akibonyeza kukubali, dereva huitwa. Watu hawa wawili hawajapatana lolote. Bei imekwisha kukatwa kabla hawajaonana uso kwa uso, na imekatwa na mtu wa tatu ambaye hayumo garini.

Haki isemwe hapa, kwani utaratibu huu haukupendwa bure. Kabla yake, abiria wa teksi Nairobi, kama ilivyokuwa Dar es Salaam na Kampala, alipangiwa bei kwa kutazamwa usoni. Askari ashukaye basi saa nane ya usiku na begi begani, asiyeijua mitaa, aliweza kutajiwa mara tatu ya bei anayotozwa mwenyeji. Mwanamke mwenye mtoto mgonjwa hakuwa na nafasi ya kubishana. Nauli iliyoandikwa katika simu iliondoa aibu hiyo. Ilimpa mgeni bei ile ile ya mwenyeji, na ilimwandika dereva jina lake na namba ya gari lake, jambo ambalo polisi yeyote aliyewahi kufuatilia mzigo uliosahauliwa ndani ya teksi atalithamini. Kwa hiyo ugomvi wa Nairobi hauhusu kuwapo kwa teksi hizi. Madereva wenyewe, ukiwauliza, hawataki zifungwe.

Ugomvi uko katika hesabu. Nauli ya teksi ya mtandao hujengwa kwa vipande. Kipo kiasi cha kuanzia safari, kiko kiasi cha kila kilomita, na kiko kiasi cha kila dakika, kwa sababu gari lililokwama katika msongamano wa Barabara ya Mombasa linakula mafuta bila kusonga. Halafu kipo kiwango cha chini, ili safari ya mtaa mmoja isimtie dereva hasara. Juu ya vipande hivi huwekwa kizidisho. Kompyuta hutazama sehemu fulani ya jiji na kulinganisha wanaotafuta gari na magari yaliyopo. Mvua kubwa ikinyesha saa kumi na moja jioni, watafutaji wakawa wengi na magari machache, nauli huzidishwa mara moja na nusu, mara mbili, au zaidi. Kampuni husema kwamba bei ya namna hiyo humtoa nyumbani dereva aliyekwisha kulala na kumwondoa katika foleni abiria asiye na haraka, na maneno hayo yana ukweli ndani yake. Lakini dereva naye ana lake la kusema: huona katika ramani ya simu kwamba mtaa fulani umegeuka rangi, huchoma mafuta kukimbilia huko, na afikapo hukuta wenzake ishirini wamefika na rangi imefutika. Kukimbia huko hakuna anayekulipia.

Kutokana na nauli hiyo kampuni hukata fungu lake, yaani kamisheni. Kinachobaki ndicho cha dereva, na katika hicho dereva hutoa petroli, bima, matengenezo, matairi, kuosha gari, vifurushi vya intaneti, na rejesho la mkopo ikiwa gari lilinunuliwa kwa mkopo. Kampuni haina gari hata moja barabarani, na bei ya petroli ikipanda, fungu lake halipungui hata senti.

Kampuni ya Uber, yenye makao yake San Francisco, Marekani, iliingia Nairobi mwezi Januari 2015. Mwaka uliofuata ikaingia Taxify ya Estonia, ambayo tangu 2019 huitwa Bolt, na wakati huo huo Wakenya wakaanzisha yao iitwayo Little, kwa ushirikiano wa Craft Silicon na Safaricom. Wenye teksi za zamani hawakufurahi. Mapema mwaka 2016 madereva wa Uber walishambuliwa katika mitaa ya Nairobi na gari likachomwa moto, na polisi wa jiji hilo wakajikuta wanalinda magari ya kazi ambayo sheria ilikuwa haijayapa hata jina. Wasikilizaji walio polisi hawahitaji kuelezwa ugumu wa kulinda jambo ambalo kitabu hakijalitaja.

Kisha ukaja mwezi Julai 2016. Uber ilikuwa ikitoza shilingi 60 za Kenya kwa kilomita na shilingi 4 kwa dakika. Kwa siku moja ikashusha: kilomita ikawa shilingi 35 na dakika shilingi 3. Chukua safari ya kilomita 10 iendayo dakika 20, ukiacha kando kiasi cha kuanzia. Kabla ya kushushwa ilikuwa shilingi 680. Baada ya kushushwa ikawa shilingi 410. Kamisheni wakati ule ilikuwa asilimia 25, kwa hiyo mkononi mwa dereva shilingi 510 zikageuka shilingi 307 na senti 50. Barabara ni ile ile na gari ni lile lile. Wala madereva hawakuitwa kwenye mkutano wakaulizwa. Habari waliipata kama abiria walivyoipata.

Kwa nini kampuni ishushe bei kwa namna hiyo? Jibu haliko Nairobi. Mwezi mmoja tu nyuma, Juni 2016, Mfuko wa Uwekezaji wa Serikali ya Saudi Arabia ulikuwa umetia dola bilioni 3.5 katika Uber. Fedha za namna hiyo ziliiwezesha kampuni kuuza safari kwa hasara katika miji mingi ya dunia, ikitumaini kwamba abiria wakizoea na washindani wakichoka, faida itakuja mbele. Hasara yenyewe haikuwa ya utani: mwaka 2019 peke yake ilizidi dola bilioni 8, na faida ya mwaka mzima kutokana na shughuli zake haikupatikana hadi 2023. Kampuni yenye mfuko wa namna hiyo inaweza kungoja miaka saba. Dereva wa Kayole, ambaye rejesho la benki linamngoja mwisho wa mwezi, hawezi kungoja hata wiki saba. Walioshindana katika nauli walikuwa matajiri, lakini risasi za kwanza zilimpata aliyekuwa usukani.

Mwaka huo huo wako waliokuwa wamekopa magari kwa kutegemea hesabu ya shilingi 60. Hapa ndipo jambo hili linapogusa mlango wa kambi. Wastaafu wetu, hapa nchini na kwa jirani, wana desturi moja ijulikanayo. Mtu hupokea kiinua mgongo chake baada ya miaka ishirini na zaidi ya lindo na doria, hununua gari dogo, humpa kijana aliendeshe, na kila jioni hungoja hesabu. Hupanga ada za shule na saruji ya nyumba kwa hesabu hiyo. Mchana mmoja kijana anarudi na kusema, mzee, kampuni imeshusha. Mzee atakwenda kumlalamikia nani? Kijana hana kosa. Ofisi ya kampuni itamwambia kwamba mkataba ulikubaliwa kwa kubonyeza simu, na kwamba abiria hupenda bei nafuu. Ametumikia jeshi maisha yake yote akijua nani yuko juu yake, na sasa uzeeni akiba yake inaongozwa na hesabu za kompyuta asizoweza hata kuonyeshwa.

Madereva wa Nairobi waligoma mwaka 2016. Wakagoma tena mapema mwaka 2017, na mwezi Machi Uber ikapandisha kilomita kutoka shilingi 35 hadi 42. Mwezi Julai 2018 waligoma kwa zaidi ya wiki, na makubaliano yakatiwa saini kwa usuluhishi wa serikali. Wengine walichagua mahakama, na huko kulitokea jambo la kustaajabisha. Walipoishtaki Uber ya Kenya kwa sababu ya kushushwa kule kwa nauli, waliambiwa kwamba wamekosea mlango, kwani mkataba wao ulikuwa na kampuni nyingine ya jina hilo hilo iliyoandikishwa Uholanzi. Mwaka 2021 Mahakama Kuu ya Kenya ilikataa kuiondoa kampuni ya Kenya katika shauri hilo. Basi ilichukua karibu miaka mitano kujibu swali la mwanzo kabisa, yaani aliyeshusha nauli ashitakiwe kwa jina gani.

Mwaka huo huo, tarehe 19 Februari 2021, Mahakama Kuu Kabisa ya Uingereza, ikishughulikia shauri lililoletwa na madereva wa London dhidi ya kampuni hiyo hiyo, iliamua kwamba wale hawakuwa wafanyabiashara wanaojitegemea kama kampuni ilivyodai, bali walistahili haki za wafanyakazi, ikiwamo kima cha chini cha mshahara. Sababu ya kwanza waliyoitaja majaji ilikuwa nauli: kampuni ndiyo iliyoipanga, na dereva hakuruhusiwa kutoza zaidi. Uamuzi wa London haufungi mahakama ya Nairobi, lakini hoja ni nyepesi kueleweka na mtu yeyote. Muuza nyanya wa Kariakoo ni mfanyabiashara kwa sababu anaweza kukataa bei. Asiyeweza kukataa bei ya jasho lake aitwe jina jingine.

Serikali ya Kenya ilitunga kanuni mwaka 2022. Kampuni zote za namna hii zilitakiwa kupata leseni kutoka Mamlaka ya Taifa ya Usafiri na Usalama Barabarani, yaani NTSA, na kamisheni ikawekewa mpaka wa asilimia 18. Uber, iliyokuwa ikikata asilimia 25, ilikwenda mahakamani kupinga, lakini kabla ya mwaka kwisha ikakubali mpaka huo ili ipate leseni. Madereva walishangilia, na walikuwa na haki ya kushangilia. Mwezi Oktoba 2023 NTSA ilikataa kuihuisha leseni ya Bolt, kwa madai kwamba ilikuwa inatoza ada ya kuita gari juu ya kamisheni na kwamba malalamiko ya madereva hayakushughulikiwa. Jambo hilo lilisuluhishwa baadaye, lakini lilionyesha kwamba Mamlaka ilikuwa inahesabu kweli.

Hata hivyo kanuni hiyo ilikuwa na tundu, na tundu lenyewe ndilo kiini cha mazungumzo haya. Iliweka mpaka katika fungu, haikuweka mpaka katika nauli inayogawanywa. Tazama safari ya shilingi 500. Kwa kamisheni ya asilimia 25 dereva alibakiwa na shilingi 375. Kwa asilimia 18 anabakiwa na shilingi 410, yaani amepata shilingi 35 zaidi. Sasa kampuni ikiamua, kwa ajili ya kugombea abiria, kuishusha safari hiyo hiyo hadi shilingi 450, dereva atabakiwa na shilingi 369. Sheria imetiiwa kikamilifu, asilimia 18 haikuvukwa, na dereva amepata pungufu kuliko kabla ya sheria. Ni kama kumwekea mlinzi mlango wa mbele wakati ukuta wa nyuma haujajengwa.

Wakati haya yakitendeka, petroli ilikuwa inapanda. Bei ya mafuta nchini Kenya hutangazwa hadharani na mamlaka ya nishati, EPRA, tarehe 14 ya kila mwezi, na kila mtu huisikia. Mwaka 2016 lita moja ya petroli Nairobi haikufika shilingi 100. Mwezi Oktoba 2023 ilifika shilingi 217 na senti 36. Kama nauli ya Machi 2017 ingebaki vile vile, safari ile ya kilomita 10 na dakika 20 ingekuwa shilingi 480 bila kiasi cha kuanzia. Ikitolewa asilimia 18 zinabaki shilingi 393. Gari likila lita moja kwa kilomita 10, petroli peke yake huchukua shilingi 217, na hapo hazijahesabiwa kilomita za kumfuata abiria, ambazo kwa kawaida ni bure. Zinabaki shilingi 176 za bima, matairi, mkopo, na chakula cha watoto. Mtu mmoja hupandisha bei ya mafuta kwa tangazo, mwingine hushusha nauli kwa kompyuta, na dereva yuko katikati yao.

Hapa nchini jambo hili lilijaribiwa kwa njia nyingine. Mwaka 2022 Mamlaka ya Udhibiti Usafiri Ardhini, LATRA, haikuishia katika kamisheni bali iliingia katika nauli yenyewe, ikatangaza viwango, na ikaweka mpaka wa kamisheni kuwa asilimia 15. Uber ilijibu kwa kusimamisha huduma zake tarehe 14 Aprili 2022. Madereva waliokuwa wametetewa wakawa wamekosa kazi ya kampuni hiyo, na abiria wakaenda kwa washindani wake. Mwezi Desemba 2022 mpaka wa kamisheni ukarekebishwa hadi asilimia 25, na mwanzoni mwa 2023 Uber ikarejea. Wako waliosema kwamba Serikali ilirudi nyuma, na wako waliosema kwamba ilipima upepo. Vyovyote iwavyo, tukio hilo liliwaonyesha jirani zetu wa Nairobi jambo ambalo hawakuwa wameliona: kampuni isiyomiliki gari wala gereji inaweza kufunga virago kwa siku moja, na mzigo wote ukabaki kwa mwenye gari. Udhibiti wa bei ya namna hii si kama kudhibiti bei ya sukari iliyomo ghalani.

Zipo pia kampuni zinazodai kwamba zimeirudisha bei kwa wenyewe. Moja ni inDrive. Asili yake ni Yakutsk, mji wa Siberia wenye baridi isiyo na mfano. Mwishoni mwa mwaka 2012, baridi ilipozidi na wenye teksi wakapandisha bei, watu wa mji huo walianzisha kikundi katika mtandao ambamo abiria alitangaza safari yake na bei awezayo, na dereva aliyeridhika akamchukua. Kikundi hicho kikawa kampuni, na huduma yake ikafika Tanzania na Kenya. Humo abiria hutaja bei, dereva hukubali au hutaja yake. Kwa sura, huu ni mnada wa sokoni ulioingizwa katika simu, na wengi waliupenda. Lakini mnada humfaa muuzaji pale wanunuzi wanapokuwa wengi. Magari yakiwa mengi na abiria mmoja, madereva watano wenye njaa hushindana kuteremka, na wa mwisho kuteremka ndiye apataye safari. Usiku huo hakuna kampuni iliyomlazimisha. Amejilazimisha mwenyewe, na kesho yake hana fedha ya kubadilisha breki. Askari wa usalama barabarani atakutana na breki hizo mteremkoni, bila kujua kwamba chanzo chake kilikuwa ni bei.

Ndipo ukaja mwaka 2024. Maisha yalikuwa yamepanda Kenya nzima. Katikati ya mwaka huo madereva wengi wa Nairobi waliacha kungoja Wizara wala mahakama. Walichapisha orodha za nauli zao, wakazibandika ndani ya magari, na abiria alipoingia walimwonyesha: simu inasema hivi, sisi tunasema hivi. Aliyekataa aliteremka. Kampuni zilipinga na kuonya kwamba kutoza zaidi ya bei ya simu ni kuvunja masharti. Hata hivyo mwezi Agosti 2024 Uber iliongeza nauli kwa kiasi cha asilimia 10. Madereva walisema haitoshi.

Orodha zile zilizobandikwa zinastahili kutazamwa bila ushabiki. Kwa upande mmoja zilikuwa kilio cha haki, kwani kwa mara ya kwanza tangu 2015 aliyebeba gharama alitaja bei. Kwa upande mwingine, abiria alirudishwa kule alikotoka. Yule askari wa saa nane ya usiku, mwenye begi begani, alikubali bei fulani katika simu, akangoja gari dakika kumi gizani, na lilipofika akatajiwa nyingine. Hakutendewa haki. Wala haiwezekani kumwambia kwamba ateseke yeye ili hesabu ya dereva ikamilike. Dereva na abiria wote wawili ni watu wa kipato kidogo, nao wameachiwa wagombane kwenye mlango wa gari kuhusu nauli ambayo hakuna hata mmoja wao aliyeipanga.

Ugomvi wa mlangoni una tabia ya kuishia kituo cha polisi. Konstebo aliye zamu huletewa watu wawili wenye hasira na simu moja. Mmoja anasema ameibiwa, mwingine anasema hajalipwa. Kampuni haimo katika chumba hicho. Konstebo mwenye busara atatafuta kwanza mapatano yalikuwaje kabla gari halijaondoka: kama abiria alionyeshwa bei mpya akakubali, au alipelekwa hadi mwisho kisha ndipo akatajiwa. Tofauti hiyo ni kubwa. La kwanza ni mapatano, hata kama yanavunja masharti ya kampuni, na masharti ya kampuni si kazi ya polisi kuyalinda. La pili, likiambatana na kumfungia mtu mlango au kumzuilia mzigo wake, ni jambo la polisi bila shaka. Simu yenyewe huhifadhi saa, njia na kiasi cha safari, na maandishi hayo husaidia kuliko sauti ya mkubwa zaidi kati ya wawili hao.

Lililobaki Kenya ni kazi ambayo kanuni za 2022 hazikuimaliza. Wako wapendekezao kiwango cha chini cha kilomita kisichoruhusiwa kushushwa, kikipimwa kwa gharama halisi za gari na kufuata bei ya mafuta ya kila tarehe 14. Kampuni hujibu kwamba nauli ikipanda abiria watapungua na dereva atakaa bure. Huenda ni kweli kwa kiasi fulani, ila wasemao hivyo ndio waliojenga mazoea ya nauli ya hasara kwa fedha za wenye hisa, na hawajawahi kutoa hadharani hesabu za kompyuta zao ili Serikali ipime nani anasema kweli. Mpaka hesabu hizo zitakapowekwa mezani, Wizara itakuwa inasuluhisha kesi ambayo mlalamikiwa ndiye peke yake mwenye daftari.

Na askari atakayepita Nairobi kwa kozi, kwa matibabu, au kwa likizo, amwulize dereva nauli kabla ya kufunga mlango, hata kama simu imekwisha kuitaja. Zikitofautiana, aamue pale pale kama anakubali au anashuka. Akikubali, alipe alichokubali bila kunung'unika mwisho wa safari. Akishuka, aifute safari katika simu yake na kuandika sababu, maana safari isiyofutwa inaweza kumletea tozo.